Mwaka Wetu Unaishia Juni

Kariakoo hakuna mwaka mmoja. Simama kwenye kona yoyote ya mtaa wetu uulize watu mwaka unaanza lini, utachoka. Mwenye fremu ya duka atakwambia unaanza siku anayokuja kuchukua kodi ya miezi sita, na siku hiyo huipanga yeye kulingana na shida zake. Kwa muuza madaftari na sare za shule, mwaka ni Januari, na miezi mingine yote ni ya kusubiri Januari. Wachina tunaowaagizia mzigo wanafunga viwanda kwa mwaka mpya wao wakati sisi wa kwetu tumeshausahau. Serikali nayo ina Julai yake. Ikifika mwezi wa sita redio za mtaani zote zinasoma bajeti, na watu ambao siku zote hawasikilizi kitu zaidi ya mpira wanatega masikio kujua kama ushuru wa nguo za kutoka nje umepanda. Mimi ni mhasibu. Nalipwa kuamini kwamba mwaka una mwanzo na una mwisho, kwa hiyo mtaa huu umenitesa tangu siku ya kwanza.

Na hakuna walionitesa kama baba yangu na mwenzake.

Baba ni Mwarabu wa Kariakoo, maana yake babu yake alikuja kutoka Uarabuni akauza halua, lakini yeye mwenyewe huko hajafika na Kiarabu chake kinaishia msikitini. Mwenzake ni Mngoni wa Songea, Mkatoliki, aliyekuja Dar kijana kutafuta kazi ya cherehani. Baba anamwita Mngoni, naye anamwita baba yangu Shehe, ingawa baba si shehe wa kitu chochote. Mimi namwita Baba Mdogo. Wana duka la nguo za watoto za sikukuu: magauni ya marinda, suti ndogo zenye tai za lastiki, kanzu za wavulana, viatu vinavyong'aa. Ni nguo ambazo mtoto anavaa siku moja, anamwagia soda, halafu zinawekwa kabatini mpaka zimbane.

Walianza wakiwa machinga, na turubai moja limetandikwa pembeni mwa barabara. Nilikuwa na miaka saba, na nilikuwa na cheo: nilikuwa sanamu ya duka. Navalishwa gauni, nasimamishwa mbele ya turubai, naambiwa nizunguke. Mteja akisema, "Nataka lile alilovaa yule mtoto," mama ananivutia nyuma ya kanga, navuliwa, navalishwa lingine. Siku moja nilibadilishwa nguo mara nyingi mpaka nikagoma, nikakaa chini na singlendi. Baba Mdogo akaninunulia ubuyu nikarudi kazini.

Mwaka ule Idi na Krismasi ziliangukia wiki moja. Wanaokumbuka watakwambia jinsi mji ulivyokuwa. Waislamu na Wakristo wote walitaka nguo siku zile zile, na wale wawili hawakulala. Sikukuu zilipopita turubai lilikuwa tupu kabisa, limebaki na vibanio na gauni moja lililotoboka. Wakaenda soko la samaki la Feri, wakanunua changu wawili wakubwa, wakawakaangisha pale pale, wakaja kuwala Kariakoo wamekaa juu ya lile turubai tupu. Mimi nilipewa mkia. Baba Mdogo alipomaliza alilamba vidole akasema, "Shehe, mwaka umeisha."

Huo ndio ukawa utaratibu wao. Hawakuandikiana popote. Sikukuu ikipita wanaangalia kilichobaki, wanahesabu, wanakula samaki, wanaanza upya. Wenyewe waliuita kufunga mwaka. Nilipokwenda chuo nikafundishwa kwamba biashara inatakiwa ichague siku moja, miezi kumi na miwili mbali na ile iliyopita, isimame, ijitazame, ndipo iendelee, nilicheka peke yangu darasani. Kitu chenyewe nilikuwa nimekilia mkia wa samaki.

Tatizo la mwaka wao ni kwamba Ramadhani haitulii. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi, kumi na moja. Mwanzoni sikukuu hizo mbili ziliachana kidogo tu, na samaki mmoja alizitosha zote mbili. Baadaye Idi ikaingia Novemba, ikaingia Oktoba, ikazidi kuondoka. Wakaanza kufunga mara mbili. Idi ikipita baba anaita, "Mngoni, mwaka umeisha," wanakula. Krismasi ikipita Baba Mdogo anaita, "Shehe, mwaka umeisha," wanakula tena. Mtoto gani anakataa samaki mara mbili? Sikuona ubaya wowote.

Halafu nikahitimu, nikaja na ujuzi wangu kuwaharibia. Walikuwa wameshapata fremu, wamesajili kampuni, wana mashine ya risiti, na mimi ndiye nikawa nawatengenezea hesabu. Sheria inasema kampuni isipoomba vinginevyo, mwaka wake ni wa kalenda, Januari mpaka Desemba. Sikuomba vinginevyo. Nilikuwa mhasibu mpya, na mhasibu mpya hapendi kuomba kitu. Kwa hiyo duka lenye upana wa vitanda viwili likawa na miisho ya mwaka mitatu: wa baba, wa Baba Mdogo, na wangu. Wa kwangu ndio ulikuwa hauna samaki.

Mwaka jana, wiki chache baada ya Idi, baba alinipigia simu nikiwa ofisini kwetu Posta. Hakusalimia.

"Njoo utugawe," akasema.

"Niwagawe nini?"

"Duka. Njoo na karatasi zako."

Nilikuta fundi seremala ameshapiga mstari wa chaki sakafuni, kuanzia mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Karatasi mbili za plaiwudi zilikuwa zimeegemezwa kwenye rafu. Baba alikuwa upande mmoja wa mstari, Baba Mdogo upande wa pili, kila mmoja kwenye kiti cha plastiki, kama watu waliokaa foleni za madirisha tofauti. Nikamsalimia baba. Nikamsalimia Baba Mdogo, "Shikamoo." Akaitika "Marahaba, mwanangu" bila kuniangalia, na hapo nikajua si mzaha.

"Kulia Idi, kushoto Krismasi," baba akasema. "Kila mtu na mwaka wake."

"Na mlango?" nikauliza.

Wakatazamana. Mlango hawakuwa wameufikiria. Fundi akasema mlango anaweza kuukata ukawa miwili, ila itakuwa bei nyingine.

Sikucheka. Natamani niseme nilicheka, lakini nilibaki nautazama ule mstari. Wale wawili ndio walionilea pale chini, mmoja ameshika upindo wa gauni na mwingine ameshika pini. Sikuwahi kumjua baba bila Baba Mdogo. Wakigawana pale, kuna siku nitapita Kariakoo nitatakiwa kuchagua mlango wa kuingilia.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi, na nauelezea kwa sababu ni ugomvi ambao watu wa mwaka mmoja hawawezi kuupata. Idi siku hizi iko mwezi wa tatu. Ili nguo za Idi zifike kwa wakati, lazima ziagizwe na kulipiwa kabla Wachina hawajafunga viwanda, maana yake Desemba. Basi Baba Mdogo anauza Krismasi mpaka sauti inamkauka, na siku ya kufunga mwaka wake akivuta droo, anakuta pesa imeshapanda meli kwenda kununua kanzu. "Kila mwaka nafanya kazi, Idi inakula," akasema. Baba naye anafunga mwaka wake Idi ikipita. Yeye akivuta droo anakuta imejaa. "Hii nani kaileta?" akauliza. "Si Idi?" Kila mmoja alikuwa anasema kweli tupu. Walikuwa wanatazama droo moja katika siku mbili tofauti.

Nikajaribu kuwafundisha. Nilichukua kanga moja iliyokuwa kaunta nikaitandaza. "Mwaka wa fedha ni mahali unapopitisha mkasi tu," nikasema. "Biashara ni kitambaa kirefu, hakina mwisho. Mkipitisha mkasi katikati ya ua, nusu ya ua inabaki huku, nusu inakwenda kule, na kila mtu ataona kapewa ua bovu. Desemba mzigo uko baharini, umelipiwa, haujauzwa. Hapo ni katikati ya ua. Baada tu ya Idi, droo imejaa na masalia ya mzigo bado yanauzwa. Hapo pia ni katikati ya ua. Tutafute mahali kitambaa kiko wazi."

Niliona somo limekwenda vizuri. Baba akaikunja ile kanga akasema ni ya mama yangu, nisiichezee.

"Mahali pako wazi ni wapi?" Baba Mdogo akauliza, kwa adabu tu.

"Mwisho wa Juni."

"Juni!" Wote wawili kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile wamekubaliana kitu.

"Mwaka unafungwaje mwezi usio na sikukuu?" baba akasema.

"Idi ya kuchinja siku hizi si iko huko huko?" nikauliza.

"Idi ya kuchinja watu wananunua mbuzi. Gauni nani ananunua?"

"Juni ni sikukuu ya Bunge," Baba Mdogo akasema. "Wabunge ndio wanafunga mwaka Juni. Sisi ni wabunge?"

Nikawaambia ndiyo maana naitaka. Juni hakuna mtu anayekuja. Mzigo wa Idi umeisha, mzigo wa Krismasi haujaagizwa, hakuna kitu baharini, rafu zimebaki ubao mtupu. Siku hiyo duka linaonekana lilivyo, halijavaa nguo za mtu. Nikaomba jambo moja: tuhesabu mwisho wa Juni, mwaka mzima, mara moja tu, halafu wakitaka ukuta fundi aje aujenge Julai mosi na mimi mwenyewe nitamlipia. Walinikubalia kwa sababu walikuwa wamechoka kununa. Fundi alichukua nauli yake akaondoka, akaacha plaiwudi.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Plaiwudi ilisimama pale kati yao, wateja wanajigonga, watoto wanaipiga makofi kama ngoma. Mama mmoja aliuliza inauzwa bei gani. Kila nilipopita Jumamosi niliwakuta wamekaa kila mtu upande wake wa mstari wa chaki, na mstari wenyewe ulikuwa umeshafutika kwa miguu ya watu, lakini wao walikuwa wanaukumbuka. Walikuwa wanaongea kupitia kwangu. "Mwambie baba yako chenji imeisha." Baba yuko hatua mbili kutoka pale. Nikageuka, nikasema, "Baba, chenji imeisha," na baba akasema, "Nimesikia, mimi si kiziwi."

Siku ya mwisho ya Juni niliomba ruhusa kazini, nikaenda asubuhi. Tukahesabu watatu. Kuhesabu duka la nguo za sikukuu mwezi wa sita ni kazi ya raha. Kulikuwa na kanzu chache za saizi ambazo mtoto wa kawaida hana, suti moja ambayo tai yake imepotea, magauni ya rangi ya maharage ambayo Baba Mdogo aliyang'ang'ania kuyaagiza na hakuna binti aliyeyataka. Baba aliinua moja akaliangalia muda mrefu.

"Mwambie Baba Mdogo wako," akaniambia, "haya yatafaa Idi ya mwaka gani?"

Baba Mdogo akashindwa kujizuia. Akacheka kwa pua, akajifanya anakohoa.

Nilipomaliza nikawaonyesha. Pesa ya Idi, ikilala miezi kadhaa, inaamka mwezi wa nane inakwenda kununua suti za Krismasi. Pesa ya Krismasi inatoka Desemba kununua kanzu za Idi. Hakuna anayemlisha mwenzake bure. Idi inainunua Krismasi, na Krismasi inainunua Idi, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu kwenye turubai. Mkipiga ukuta, nikasema, kila upande utakuwa na sikukuu moja na hautakuwa na pesa ya kuagizia mzigo wake. Nilisema kwa sauti ya ushindi. Nilitegemea wataniangalia kwa mshangao, pengine mmoja atajifuta jicho.

"Tunajua, mwanangu," Baba Mdogo akasema.

"Mnajua?"

"Biashara hii tumeianza sisi. Tutakosa kujua pesa inatoka wapi?"

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Miezi miwili ya plaiwudi, na wanajua.

"Sasa ukuta wa nini?"

Baba Mdogo akaniambia mimi, ingawa hakuwa anaongea na mimi. "Krismasi iliyopita nilikwenda Feri, nikaja na samaki. Nikafungua duka nusu, nikakaa hapa. Nikakaa. Shehe hakuja. Yuko kwa wakala wa meli anafuatilia mzigo wa Idi. Hata simu. Samaki amepoa, mafuta yameganda, nikampa paka wa mama lishe."

"Mzigo ulikuwa umekwama China," baba akasema. Hiyo aliisema mwenyewe, bila kupitia kwangu. "Na wewe Idi ulikuwa wapi? Nimekaa hapa hapa. Umenitumia ujumbe wa simu. Idi Mubarak, na picha ya ua. Mimi ni mtu wa kutumiwa ua?"

"Nililipiza."

"Najua ulilipiza."

Hapo ndipo nilipoelewa, nikajiona mjinga na kanga yangu. Zamani siku ya kufunga ilikuwa moja, wote wana njaa, wote wamechoka, wote wanakaa. Zilipokuwa mbili, kila mara mmoja yuko kwenye sikukuu yake na mwingine yuko kwenye shughuli zake, mwaka umeisha kwa mmoja tu. Huwezi kufunga mwaka na mtu ambaye yeye wa kwake uko katikati. Nilifundishwa chuo kwamba hesabu mbili huwezi kuzilinganisha kama hazikufungwa siku moja. Hawakunifundisha kwamba hata watu ni hivyo.

Muda huo huo fundi akatokea. Alikuwa amewahi siku nzima, jambo ambalo kwa fundi wa Dar es Salaam sijawahi kuliona kabla wala baada. Ana msumeno, ana misumari mfukoni. "Mambo vipi wazee? Nimepita mara moja, nianze leo leo?"

Baba akainuka, akachukua kofia yake. "Nakwenda Feri," akasema. "Mngoni, changu au kolekole?"

"Changu," Baba Mdogo akasema. "Wa kukaanga, sio wewe uniletee wa kuchemsha na siasa zako za presha."

Baba akatoka kutafuta bajaji. Baba Mdogo akakaa akiangalia mlango. Baada ya muda akamwambia fundi, "Hiyo plaiwudi ilaze hapa." Fundi akailaza juu ya marobota mawili yaliyobaki, ikawa meza. Baba aliporudi na samaki, amefungiwa kwenye gazeti, pilipili na ndimu pembeni, alitazama meza, akamtazama fundi. Akakunjua gazeti.

Tulikula wanne. Fundi alikula sana. Akiwa na miiba mdomoni akauliza, "Kwa hiyo ukuta inakuwaje?"

"Kula," baba akamwambia.

Waliposhiba, baba alianza kuhesabu kwa vidole. Idi iko mwezi wa tatu, itaingia wa pili, itaingia wa kwanza, halafu itaikuta Krismasi tena. Kama miaka minane. Sikukuu zote wiki moja, kama ile ya turubai.

"Miaka minane," Baba Mdogo akasema. "Shehe, tutakuwepo?"

Baba aliguna. "Wewe utakuwa unatafuta meno. Mimi nitakuwa nakutafutia."

Wiki ile ile niliandika barua kwa niaba ya kampuni, kuomba mamlaka ya kodi itukubalie mwaka wetu uishie Juni. Wanataka sababu. Niliandika kwamba mwisho wa Juni mali dukani huwa kidogo, hakuna mzigo ulio njiani, na hesabu itaonyesha hali halisi ya biashara kwa msimu mzima. Yote ni kweli. Sababu yenyewe niliiacha, kwa sababu sikujua inaandikwaje kwenye barua ya serikali kwamba hiyo ndiyo siku wote wawili wana nafasi ya kula. Walitukubalia.

Mwaka huu ndio ulikuwa wa kwanza kufungwa rasmi. Nilikuwa nimejiandaa kama bibi harusi. Nilikuwa na orodha zangu, kalamu mpya, na wali wa nazi kutoka nyumbani Ilala kwa ajili ya samaki. Siku chache kabla, Baba Mdogo akapigiwa simu kutoka Songea kwamba dada yake mkubwa amefariki, yule aliyemlea. Baba alimsindikiza stendi Mbezi alfajiri, akamnunulia maji na mkate, akasimama mpaka basi lilipoondoka. Aliporudi dukani alikuwa mtu mwingine, anapanga vitu vilivyokwisha pangwa.

Siku ya kufunga ilipofika tulihesabu wawili. Hadi adhuhuri tumemaliza. Nikasema, "Haya baba, Feri."

"Bado," akasema.

"Bado nini? Tumemaliza."

"Mngoni hayupo."

Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wateja wagumu. Mwaka wa fedha haumngoji mtu. Leo ikipita umeisha, hata duka likiungua, hata mvua ikinyesha mawe. Kesho ni mwaka mwingine, na kila kitu cha kesho kinaandikwa kwenye mwaka wa kesho. Ndiyo faida yake. Kama kila mtu angeusogeza anavyotaka, hakuna hesabu duniani ingelingana.

"Wa kwako umeisha," baba akasema. "Andika."

Nikaandika. Kesho yake nilipita baada ya kazi kuona yukoje. Kumbe ameuza gauni moja, lile la rangi ya maharage, Mungu ni mkubwa. Ananiambia, "Hili liandike kule kwenye mwaka wa zamani."

"Baba, haiwezekani!"

"Kwa nini?"

"Ni Julai!"

Akanikata jicho. Tukagombana pale mbele ya wateja kuhusu gauni moja lisilo na mpenzi. Nilimwambia yeye ndiye anafanya wahasibu waonekane wabaya. Akaniambia mimi mwaka nimeujulia darasani. Niliondoka nimekasirika kweli, na usoni nafikiri nilionekana hivyo, kwa sababu muuza miwa wa kona aliniuliza kama nimeibiwa simu.

Siku zile zote baba hakula samaki. Mama anampikia samaki nyumbani, yeye anamsogeza pembeni, anakula wali na mchicha.

Ijumaa mchana, watu wanatoka msikitini, nilikuwa dukani kumletea baba karatasi za kusaini. Baba Mdogo akaingia na begi lake begani, mavumbi ya safari mpaka kwenye nyusi, nywele zimenyolewa kwa msiba. Alikuwa amekonda kwa siku zile chache. Baba akainuka, wakashikana mikono, wakakaa hivyo, wameshikana, hawajui waachiane saa ngapi.

"Pole, Mngoni."

"Nimeshapoa, Shehe."

Akaketi kwenye kiti chake. Akafungua begi, akatoa mfuko wa dagaa wa Nyasa, wale wadogo wanaong'aa kama pini, wamekaushwa na kukaangwa kabisa. Dukani palinuka ziwa. "Shangazi yenu alikuwa amewaweka," akaniambia. "Kabla. Alisema hawa ni wa watu wa Dar."

Nikaenda kwa mama lishe kununua wali, kwa sababu wa nazi niliobeba Jumanne, siku ya kufunga, tulishaula siku nyingi. Niliporudi nilisimama kidogo mlangoni. Baba alikuwa ameilaza plaiwudi juu ya marobota, anaifuta kwa mkono wa shati, na kwenye kona ile plaiwudi bado ina alama ya penseli ya fundi, mahali ambapo msumeno ulitakiwa kupita.

Baba Mdogo alikuwa anamwangalia akifuta. "Kule msibani," akasema, "watu wamelala, mimi nawaza duka. Nikasema, leo wanafunga. Nikirudi nitakuta mwaka mwingine."

Baba akamsogezea sahani.

"Huu huu," akasema.